Nani Anasimulia Ajali? Uhakiki wa Fomu ya Madai ya Bima ya Gari

Fomu ya madai ya bima ya gari huchelewa kufika kwenye ajali. Inaanza na namba ya bima, jina la mwenye gari, anwani na kazi yake. Inashuka kwenye namba ya usajili, aina ya gari, mwaka lilipoundwa na ukubwa wa injini. Kisha inamgeukia dereva na kumwuliza umri, daraja la leseni, na kama aliendesha kwa ruhusa ya mwenye gari. Katika fomu nilizozisoma, za Tanzania na za Kenya, mtu hujaza sehemu kubwa ya karatasi kabla ya kuulizwa nini kilitokea. Akifika hapo anapewa mistari michache, na chini yake maandishi madogo yanayomruhusu kuambatisha karatasi nyingine kama nafasi haitoshi.

Tukiusoma mpangilio huo kwa makini tunayoupa mpangilio wa riwaya, tunaona kwamba wenyewe ni hoja. Fomu inataka kwanza kujua kama unayo haki ya kusimulia. Bima ilikuwa hai siku hiyo? Gari la matumizi binafsi lilikuwa limebeba abiria wa kulipa? Dereva alikuwa amekunywa pombe? Kila swali limechipuka kwenye sharti la mkataba, na kila sharti ni sababu inayoweza kutolewa ya kutolipa. Sina ugomvi na maswali yenyewe. Bima imesimama juu ya ukweli kamili baina ya pande mbili, na kampuni haikuwapo barabarani. Ninachokipinga ni nafasi yake. Jedwali la majeruhi liko mbali, karibu na mwisho, likifuatana na mali ya watu wengine iliyoharibika. Msomaji anapitishwa kwenye ukubwa wa injini kabla ya mguu wa mtu uliovunjika.

Baada ya hapo maswali yanakuwa mafupi na makali. Ulikuwa ukienda mwendo gani kabla ya ajali, na mwendo gani wakati wa kugonga? Ulipiga honi? Taa ziliwaka? Barabara ilikuwa na upana gani, na hali ya hewa ilikuwaje? Hili la mwendo wa namna mbili ni la kijanja, kwani pengo kati ya tarakimu hizo mbili linaonyesha kama dereva alipata nafasi ya kukanyaga breki. Halafu linakuja swali linalonisumbua kuliko yote: kwa maoni yako, nani mwenye kosa? Masharti ya bima hiyohiyo humkataza mwenye gari kukiri kosa, kuahidi malipo au kupatana na mtu yeyote bila idhini ya kampuni. Barabarani alitakiwa anyamaze. Kwenye karatasi anatakiwa ahukumu.

Tufike sasa kwenye ile mistari michache. Chukua mfano wa dereva aliyepata ajali kwenye makutano ya Mwenge, Dar es Salaam. Akisimulia kwa mdomo atasema bajaji ilimchomekea. Sentensi hiyo ina mtenda, ina mtendwa, na ina shutuma ambayo kila dereva wa jijini anaielewa. Lakini fomu nyingi zimechapishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi wakala wa bima ndiye anayeshika kalamu. Kalamu ikishuka, masimulizi yanabaki magari mawili yaliyogongana. Kugongana ni tendo la wawili kwa usawa. Aliyechomeka na aliyechomekewa wamewekwa kwenye kiti kimoja. Taarifa za ajali za polisi nazo zina sarufi yao: gari liliacha njia na kupinduka, gari lilimshinda dereva, chanzo ni mwendokasi. Gari ndilo linalotenda mpaka tufike kwenye chanzo, na hapo ghafla lawama inamwangukia binadamu. Haya yanaamua fedha. Mkadiriaji wa hasara na ofisa wa madai hawatakutana na sauti ya dereva. Watakutana na sentensi hizo.

Ndiyo maana naupenda mchoro kuliko sehemu nyingine zote. Trafiki anapokuja kupima ajali, analazimika kutoa utepe na kuandika umbali: kutoka ukingo wa lami hadi tairi, urefu wa alama za breki, mahali hasa magari yalipokutana. Mchoro hauwezi kusema "ghafla". Hauwezi kusema "kwa mwendo wa kawaida", maneno ambayo madereva huyategemea sana. Mshale lazima uelekee upande fulani. Hata hivyo mchoro nao una msimulizi wake, naye anatazama kutoka juu, mahali ambapo hakuna aliyekuwapo. Lori lililoegeshwa vibaya likamziba dereva asione huenda likachorwa kama kisanduku kidogo pembeni, au lisichorwe kabisa kwa kuwa lilikwisha ondoka.

Ulaya kuna fomu ya ajali iliyojengwa kwa namna nyingine, inayofaa kusomwa sambamba na ya kwetu. Karatasi ni moja kwa madereva wawili. Upande wa kushoto, wa buluu, ni wa gari A. Wa kulia, wa njano, ni wa gari B. Baada ya tarehe na mahali, swali la tatu kabisa ni kama kuna majeruhi, hata wa kuumia kidogo. Katikati kuna safu ya sentensi 17 zilizokwisha andikwa: lilikuwa limeegeshwa, lilikuwa likirudi nyuma, lilikuwa likiingia kwenye mzunguko, lililigonga kwa nyuma jingine lililokuwa njia moja nalo. Kila dereva anatia alama upande wake, kisha anaandika idadi ya visanduku alivyovijaza ili kisiongezwe kingine baadaye. Mchoro uko chini, mmoja, wa wote wawili. Wanatia saini hapohapo na kila mmoja anaondoka na nakala. Kwa kuwa namba za visanduku hazibadiliki, Mfaransa na Mjerumani wanaweza kujaza karatasi ileile kila mmoja akifuata lugha yake. Tangu 2014 Wafaransa wanaweza kuijaza kwa simu.

Fomu hiyo hutangaza kwamba si kukiri kosa. Siiamini sana kauli hiyo: anayetia alama kwenye sentensi ya kutoheshimu alama ya kumpisha mwenzake amekwisha kiri, hata kama neno "kosa" halikutajwa. Na sentensi 17 hazina bodaboda inayopenya kati ya foleni mbili, wala ng'ombe barabarani usiku. Lakini inaweka kitu ambacho fomu yetu imekitupa: wasimulizi wawili wanaotazamana.

Kwetu jambo hilo lipo, ila liko nje ya karatasi. Ni kumalizana. Madereva wanashuka, wanapeana pole, wapita njia wanasogea, kila mmoja anaeleza mbele ya mwenzake, na uongo mkubwa hukatwa palepale na aliyeshuhudia. Najua udhaifu wake: mwenye sauti kubwa hushinda, mwenye gari la kifahari hudaiwa zaidi, na aliyeahidi kulipa huenda ameharibu madai yake kwa kampuni. Lakini kama namna ya kusimulia, kumalizana kunaheshimu ajali kuliko fomu. Fomu huwatenganisha waliogongana, ikampa kila mmoja karatasi yake na ofisi yake, halafu ikawashangaa kwa kupishana.

Madai yakikubaliwa inakuja karatasi ya mwisho, hati ya kukubali malipo. Kisanii ndiyo ya kutisha kuliko zote. Imeandikwa katika nafsi ya kwanza: mimi fulani nakubali kiasi hiki kuwa malipo kamili na ya mwisho, na sitadai tena. Kampuni imeitunga sentensi hiyo na kuiweka kinywani mwa mteja, mtu ambaye gari lake liko gereji na fundi anasubiri fedha. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba hati ya namna hiyo, ikiwa imetiwa saini bila ulaghai wala upotoshaji, ni mkataba uliokamilika, hata kama kiasi ni pungufu ya hasara na mtu alisaini kwa sababu alitaka alipwe haraka. Kabla ya kufika hapo zimekatwa sehemu ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, uchakavu wa vipuri, na vitu ambavyo mkadiriaji hakuvikubali. Kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Makato hayo mara nyingi hayamo kwenye hati, na hakuna hata mstari mmoja ulioachwa wazi kwa mwenye gari kuandika asichokubaliana nacho.