Sifa za Breki

Duniani kote mwendesha baiskeli husifiwa kwa kupanda. Mlima ndio unaopigwa picha, na katika mashindano makubwa kuna jezi maalumu ya anayewatangulia wenzake vileleni. Hapa Tawa, chini ya vilima vya Mbooni, tunapima kwa kipimo kingine. Kupanda kunataka pumzi na mapaja tu. Mwenye mzigo akichoka hushuka akaisukuma baiskeli, wala hachekwi na mtu. Anapoteremka ndipo watu wanapomtazama. Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, na kwa barabara itokayo Kikima kuja Tawa msemo huo hauna fumbo lolote.

Huko juu Mbooni kuna ubaridi, na mashamba yamekatwa ngazi ngazi hadi kileleni. Barabara huzunguka vilima, hujikunja, na kila ukishuka joto huongezeka. Ukiipita Tawa ukaelekea mashariki, kwenye njia za Kalawa, nchi huzidi kukauka mpaka ufike kwenye mto Athi, ambao ndio mpaka wa Makueni. Ng'ambo ni Kitui, na nyuma ya mto umesimama mgongo mrefu wa Yatta, bapa juu kana kwamba umepigwa randa. Wafaransa wana nyanda zao za mawe ya chokaa zilizokatwa na mto Tarn, na waendesha baiskeli husafiri kutoka mbali kwenda kuziona. Sisi tuna Yatta na Athi, na waendesha baiskeli wetu wengi huja huku kwa kuwa ndiko nyumbani, au kwa kuwa maji yamekwisha.

Nianze na hao wa maji, maana ndio walimu. Baiskeli yao ni ile nzito ya chuma, Black Mamba, yenye gia moja na keria pana nyuma. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, na bado hujampima mwenye baiskeli. Mtungi hujazwa hadi shingoni, kwa sababu maji yaliyopungua huchezacheza ndani, na kwenye kona hukusukuma upande usioutaka. Kufungia hutumika vipande vya tyubu kuukuu: kamba hulegea njiani, lakini mpira huvutika na kurudi, ukaendelea kubana. Haya yote hufanywa mtoni, kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja, na nusu ya usalama wa safari huamuliwa hapo.

Nusu ya pili iko vidoleni. Breki za Black Mamba hazina waya. Ni vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye usukani na kuvuta vipande vya mpira juu, vikabana upande wa ndani wa rimu. Rimu ikilowa hazishiki vizuri, na mteremko ukiwa mrefu hupata moto. Kwa hiyo mjuzi haishiki breki tangu juu hadi chini. Huikamata, huiachia, huikamata tena, ili chuma kipate kupoa. Hutangulia kwa ya nyuma, kisha ya mbele kidogo kidogo, kwani ya mbele ikibanwa ghafla mzigo wote humrukia mgongoni. Kazi yote ya kupunguza mwendo huimaliza kabla ya kona, baiskeli ingali imenyooka. Akishaingia konani vidole hulegea na macho hutazama kule anakotaka kutokea. Kwenye vivuko vya zege vinavyokatiza makorongo, mahali ambapo mafuriko ya jana yameacha mchanga, hashiki kitu kabisa. Gurudumu la mbele likifungwa mchangani halisikii tena usukani. Na mwinamo ukipita kiasi, hushuka akatembea, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika keria. Wageni hudhani ameshindwa. Kumbe amefanya hesabu.

Ustadi huu una mlezi wake, naye ni fundi wa baiskeli aliyekaa kivulini sokoni. Ukimpelekea baiskeli, huinua gurudumu, hulizungusha, na hutazama kama rimu inayumba. Ikiyumba hata kidogo, hukaza spoku moja na kulegeza nyingine, robo mzunguko tu, mpaka rimu inyooke. Mpanda baiskeli asiyejua ataomba cheni itiwe mafuta ili aende mbio. Fundi huanza na mipira ya breki. Rimu iliyopinda hugusa breki upande mmoja ikaukosa wa pili, na breki inayoshika nusu humdanganya mwenyewe wakati ule ule anapoihitaji.

Nimewaza mara nyingi kwa nini ufundi wa kupunguza mwendo ukomae hivi hapa, na jibu naliona kwenye ardhi yenyewe. Mvua yetu haikawii. Ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo tunayoitegemea zaidi, inaweza kunyesha kwa hasira siku chache kisha ikatoweka, na kila tone linataka kukimbilia Athi na kuendelea hadi baharini, likibeba udongo. Kwa hiyo werevu wote wa Ukambani umekuwa werevu wa kuzuia. Yale matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, yalifika hadi kwenye vitabu vya kilimo vya nchi za mbali yakiwa na jina lake hilo hilo la Kiswahili. Mabwawa ya mchanga nayo ni kuta zinazojengwa kukatiza mito ya msimu: mchanga hujaa nyuma ya ukuta, maji hujificha katikati ya chembe zake, jua lisiyafikie kwa urahisi. Maji ambayo mwendesha baiskeli huyabeba mwezi wa Septemba yako pale kwa sababu kuna mtu aliyeuwekea mto breki.

Hata Yatta inasimulia habari hiyo. Kwa maelezo ya wanajiolojia, yapata miaka milioni 13 iliyopita lava ilitiririka kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk ikifuata bonde la mto wa kale. Ikapoa, ikaganda kuwa jiwe gumu kwa urefu wa karibu kilomita 300. Kisha mvua ikala ardhi laini ya pande zote mbili, mwaka baada ya mwaka, mpaka ile iliyokuwa sakafu ya bonde ikabaki juu. Vilivyokimbia vimepotea. Kilichosimama ndicho leo tunakipanda.

Mabingwa wa dunia nao wanaijua thamani ya kuteremka, ingawa watangazaji hawaisemi sana. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne, na wengi humkumbuka kwa kupanda. Lakini Julai 2016 aliichukua jezi ya njano akiteremka Peyresourde kuingia Luchon, amejikunja mbele ya kiti huku akiendelea kukanyaga pedali. Na mashindano ya dunia ya barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali mwezi wa Septemba 2025, sifa zilikwenda kwa vilima vyake. Wanaume walianza na kumalizia mahali pamoja, kwa hiyo kila mita waliyoipanda, nao walipanda zaidi ya 5,000, waliiteremka pia.

Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, injini imechukua sehemu kubwa ya kazi ya baiskeli, na simlaumu mtu. Mama mjamzito aliye Kalawa hawezi kungojea mapaja ya mtu. Ila kijana aliyejifunza barabara kwa pikipiki amejifunza kwanza mkono wa kuongeza moto, na breki ameijua baadaye, mara nyingine hospitalini. Aliyeanza na Black Mamba yenye mitungi minne alifunzwa kwa mpangilio ulio sahihi. Alijua uzito kabla ya kujua mbio.

Ndiyo maana nasema shule na vilabu vinavyotaka kulea waendesha baiskeli Makueni na Kitui visianze kwa kununua baiskeli nyepesi na kutafuta kilima kikali. Vimpe mtoto baiskeli nzito na mtungi mmoja uliojaa, vimpeleke juu ya mteremko wa wastani, na vimwambie afike chini bila kumwaga maji na bila rimu kupata moto. Akiliweza hilo, afunzwe kupanda.