Utomvu wa Mninga Katika Mizani ya Maabara

Mwaka 1861, wapelelezi Speke na Grant walipotua Kaze, kituo cha misafara kilichokuwa hapo ilipo Tabora, Grant alikuwa akichuma majani na maua ya njiani, akayabana katika karatasi mpaka yakakauka, na hatimaye mimea ya safari ile ikafikishwa kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ikapewa majina ya kielimu. Kazi ya namna hiyo, ijapokuwa yaonekana ndogo, ndiyo mlango wa kila uchunguzi wa dawa za miti, kwani jina moja la kienyeji huweza kubeba miti miwili au mitatu, na mti usiojulikana kwa yakini hauwezi kutolewa ushahidi.

Tuutazame mninga, mti mashuhuri wa misitu ya miyombo ya Unyamwezi, nchi ya Tabora, uitwao kwa elimu Pterocarpus angolensis. Gome lake likichanjwa hutiririka utomvu mwekundu kama damu, ambao ukipigwa na hewa hukauka ukashika mithili ya gundi. Na katika nchi za miyombo watu huupaka juu ya choa, maradhi ya ngozi. Choa chenyewe huletwa na kuvu za jamaa ya Trichophyton, Microsporum na Epidermophyton, ambazo riziki yake ni keratini, yaani maada ngumu iliyomo katika ngozi ya juu, nywele na kucha.

Katika maabara, utomvu hukaushwa, husagwa, huloweshwa katika maji au methanoli, kisha huchujwa. Kuvu hutolewa katika magamba ya ngozi ya mgonjwa, ikaoteshwa juu ya chakula cha sukari na agari kilichobuniwa na tabibu Mfaransa Raymond Sabouraud, nayo kwa kuwa huota polepole, yataka subira ya wiki kadhaa. Halafu dawa hupunguzwa nusu kwa nusu katika safu ya vishimo, mpaka kijulikane kiasi kidogo kabisa kinachoizuia kuvu isiote. Na kando yake huwekwa kishimo chenye kiyeyushi kitupu, na kingine chenye dawa iliyothibiti, kama griseofulvini, viwe mashahidi wawili waadilifu.

Wataalamu wa chuo cha tiba cha Muhimbili, Dar es Salaam, katika uchunguzi wao wa mimea ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2006, walizijaribu dondoo za mimea hiyo zilizotolewa kwa methanoli juu ya Candida na Cryptococcus. Kazi hiyo ina thamani kubwa. Lakini hizo ni kuvu za namna ya hamira, na hukumu yake haiwezi kuhamishiwa juu ya choa pasipo jaribio jipya. Tena mganga hatumii methanoli. Na utomvu wa mninga umejaa tanini, maada itumiwayo kutengenezea ngozi za wanyama, ambayo hushikamana na protini za kila namna, hata ikaonekana kuizuia kuvu pasipo kuwa dawa ya kweli, ikampa mchunguzi matumaini yasiyo na msingi.

Hata hivyo, tusikate tamaa. Marhamu ya Whitfield, itibuyo choa tangu mwanzo wa karne ya 20, ina asidi ya benzoiki, iliyopata jina lake kwa ubani wa Jawi, ambao nao ni utomvu mkavu wa mti. Basi si muhali kwa utomvu wa mti kufika zahanati. Nawasihi wachunguzi wetu: utomvu upimwe kama mganga anavyoutumia, juu ya kuvu ya choa yenyewe, na tawi la mti ule ule lihifadhiwe kwa jina lake.