Pongezi kwa Mzee wa Zizini

Niboye, wilayani Kicukiro jijini Kigali, ni mtaa wa nyumba za matofali na barabara za lami. Zizi ni nadra kuliona. Lakini maziwa huyakosi. Ingia kwenye kibanda cha maziwa asubuhi, agiza ikivuguto, ule mtindi mzito, na chapati pembeni. Pongezi za kwanza, kwa maoni yangu, zimwendee aliyeamka kabla ya alfajiri huko Nyagatare au Gishwati, akachutama kando ya ng'ombe.

Mfugaji wa maisha yote humjua ng'ombe wake kwa jina, kwa mama yake na kwa bibi yake. Kabla ya kukamua, humwacha ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha humvuta kando, naye ndama hung'ang'ania, akimsukuma mzee gotini. Kwenye kituo cha kukusanyia, maziwa hupimwa kwa spiriti. Yakiganda, yanakataliwa, na hasara ni yake.

Wafugaji wengi walianza upya. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ng'ombe nao walichinjwa ovyo. Mwaka 2006 ukaja mpango wa Girinka: familia maskini hupewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani.

Watalii huwapiga picha ng'ombe wa Inyambo wenye pembe ndefu pale Nyanza, wala siwalaumu. Ila mzee mwenye machotara wawili wa Friziani, anayekata matete huku mvua ikimnyeshea, nani humpiga picha? Lita zake chache ndizo zinazopandishwa baiskeli kila asubuhi.