Mhusika mkarimu kwa sababu ana ukarimu

Juma lililopita niliketi na mwalimu mwenzangu mjini Ruiru kusahihisha kazi ya fasihi ya Gredi ya 9, darasa ambalo tangu 2025 hukabiliwa na mtihani wa KJSEA. Wanafunzi walikuwa wamesoma hadithi fupi, wakaulizwa iwapo mhusika mkuu ni mkarimu. Daftari baada ya daftari, jibu lilikuwa lile lile: "Ni mkarimu kwa sababu ana ukarimu." Wengine waliongeza kuwa ni mhusika bapa. Kwa nini bapa? Kimya.

"Usiwalaumu," mwenzangu akaniambia. "Ni hizi karatasi za marudio."

Siku mbili baadaye nilizikuta karatasi hizo Thika pia, kwenye duka la kutoa nakala. Kurasa nne tu: ploti, wahusika, mandhari, maudhui na dhamira, kila istilahi kwa sentensi moja. Mwishoni kuna insha ya hoja: utangulizi, hoja tano, hitimisho na orodha ya methali za kupamba.

Tuseme ukweli, fasili nyingi si mbaya. Ila mandhari imeelezwa kuwa "mahali" basi. Hapana! Mandhari ni mahali, wakati na hali. Ruiru ya mashamba ya kahawa na Ruiru ya leo ya magorofa ya kupangisha ni mandhari mbili juu ya udongo mmoja, na mtoto wa Ruiru anaweza kulielewa hilo bila kukariri chochote. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, Kongowea anatoka Tanga kumtafuta babake hadi Kitale. Mweke babake mtaa wa pili pale pale Tanga, uone kama ploti itasimama.

Kosa kubwa zaidi ni kuitenga fasihi na insha ya hoja kana kwamba hazijuani. Anayesema mhusika fulani ni mkarimu ametoa dai. Alitenda nini, na wapi katika hadithi? Mbona tendo hilo tuliite ukarimu, tusiliite kujionyesha? Mwenye kupinga angesema nini? Maswali haya haya ndiyo yanayojenga insha ya hoja.

Huko Thika nilisoma insha ya kijana mmoja kuhusu iwapo bodaboda zizuiwe kuingia katikati ya mji. Aliandika kwamba ajali haina kinga, haraka haraka haina baraka, na mwenda pole hajikwai. Methali tatu, sababu hakuna. (Ya kwanza, ukiitazama vizuri, inawatetea hao hao waendeshaji anaowapinga.) Nikamuuliza kwa mdomo anaonaje.

"Mwalimu, wakizifukuza, mama atabeba aje mboga kutoka soko? Matatu hazifiki kwetu, na mkokoteni ni pesa mingi."

Hoja hiyo! Ina dai, ina ithibati, na imeshaijibu njia mbadala. Alikuwa nayo kichwani tangu mwanzo, lakini karatasi ilimfunza kuificha chini ya mapambo. Nilimwomba aiandike alivyoisema, kisha tukarekebisha sarufi pamoja.

Kule Ruiru, mwenzangu alirudisha madaftari bila alama. Chini ya kila jibu aliandika swali moja kwa wino mwekundu: "Alifanya hivyo wapi katika hadithi?"