Kigawo, Kigawe na Ufunguo: Istilahi za Muhadhara wa Hisabati

Mihadhara ya utafiti wa hisabati inapofasiriwa kwa Kiswahili, jitihada zote huelekezwa kwenye maneno mapya na magumu. Yale ya shule ya msingi huachwa yajiendee. Ndiyo maana tafsiri iliyotufikia, ya muhadhara juu ya hisabati na ulinzi wa siri katika mawasiliano, imefaulu palipokuwa pagumu ikateleza palipokuwa rahisi.

Mhadhiri alieleza mbinu iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman huko Marekani. Mtu huchagua namba tasa mbili kubwa, akazizidisha, akatangaza zao lake na kuzificha zile mbili zenyewe. Kuzidisha 61 kwa 53 ni kazi ya dakika moja, nalo jibu ni 3,233. Lakini aliyepewa 3,233 peke yake atahangaika kabla ya kuzipata 61 na 53. Zao likiwa na tarakimu zaidi ya 600, kama yale yatumikayo leo, hata kompyuta zenye nguvu hazifui dafu.

Mfasiri ameandika kwamba usalama wa mbinu hii watokana na ugumu wa kutafuta "vigawe" vya zao hilo. La hasha! Vigawe vya 3,233 hupatikana na mtoto yeyote ajuaye kuzidisha: 6,466, kisha 9,699, na kuendelea. Kilicho kigumu ni kupata vigawo. Mwalimu aliyezoea Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika atalitambua kosa mara moja. Ofisa anayesoma ili aamue nyaraka za idara yake zilindwe vipi hatalitambua, naye ndiye aliyekusudiwa. Kwa maoni yetu lawama si ya mfasiri peke yake. Istilahi mbili zenye maana zinazokabiliana hazikufaa kutofautishwa kwa irabu ya mwisho tu. Hata hivyo zimekwisha kuenea madarasani, na kuzibadili sasa kutazidisha vurugu. Yafaa mfasiri aambatanishe mfano wa tarakimu kila zinapojitokeza.

"Ufunguo wa umma" nao watutia shaka. Aliyezoea kusikia mali ya umma na mashirika ya umma atadhani kwamba ufunguo huo ni wa serikali, kumbe ni wa mtu binafsi, ila umetangazwa kwa wote. Tungependelea "ufunguo wa wazi", ukabiliane na "ufunguo wa siri".

Twampongeza mfasiri kwa kushikilia "namba tasa" badala ya "namba za kwanza", ambayo huchanganywa na 1, 2, 3. Wako wanaosema kwamba neno tasa haliwastahili wazazi wa namba nyingine zote, maana 4, 6, 9 na nyinginezo huzaliwa kwa kuzidisha namba hizo. Hoja hiyo inachekesha, tena ina ukweli. Lakini utasa unaotajwa hapa ni wa kutogawanyika, na mwanafunzi hulielewa hilo bila ya taabu.