Muhuri Uliobaki Mezani

Nampongeza wakili aliyenirudishia hati ya kiapo bila muhuri. Nilimpelekea kwa niaba ya shangazi, saini ikiwa tayari chini. "Mlete mwenyewe, dada yangu. Mimi sijamwona akiapa." Nilikasirika; leo namshukuru kwa moyo wote. Nchini Tanzania, Sheria ya Sura ya 12 inamtaka kamishna wa viapo, kama wakili huyo, aandike kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo, na inamkataza kuapisha katika shauri ambalo ni wakili wa upande wowote au ana maslahi nalo. Saini ya kughushi humtoa mjane kwenye kiwanja chake! Kesho yake shangazi alikuja, akasomewa mstari kwa mstari, akagundua namba ya kiwanja imekosewa.