Gia za Mkono Zisizikwe Zingali Hai

Machi 1991, kwenye uwanja wa Interlagos jijini São Paulo, dereva wa Formula 1 Ayrton Senna alikuwa akiongoza mbio za nchini kwake, mbio ambazo hakuwa amewahi kuzishinda, giaboksi ya McLaren yake ilipoanza kumgomea. Gia zilimtoka moja baada ya nyingine, na mizunguko ya mwisho akaimaliza na gia ya sita peke yake, hata kwenye kona za taratibu, huku mvua ikidondoka. Alishinda. Lakini misuli ilikuwa imemkaza hivi kwamba alisaidiwa kutoka garini, na jukwaani kombe lenyewe alilinyanyua kwa taabu.

Gari hilo, MP4/6, ndilo la mwisho lenye gia za mkono kumpa dereva ubingwa wa Formula 1. Tayari mwaka 1989 Ferrari ilikuwa imezihamishia gia nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akashinda mbio za kwanza za gari hilo, hukohuko Brazili. Mwaka 1992 Mansell akawa bingwa wa dunia na Williams yenye mfumo wa aina hiyo. Tangu hapo hoja ya kasi imefungwa. Mashine hubadilisha gia upesi kuliko mkono wa binadamu yeyote, na anayezitetea gia za mkono kwa kudai zina kasi zaidi anajidanganya.

Basi zitetewe kwa lipi? Kwa ufundi wake.

Mtazame dereva hodari anavyopangua gia kabla ya kona. Anakuja na gia ya nne, kona inataka ya tatu. Mguu wa kulia unakanyaga breki, wa kushoto unazamisha klachi, mkono unaipeleka leva kwenye ya tatu. Hapo ndipo penye kazi. Kabla hajaachia klachi, ubavu wa mguu uleule ulio kwenye breki unadokoa mafuta kidogo. Injini inanguruma, mzunguko wake unapanda hadi kulingana na ule utakaodaiwa na magurudumu katika gia ndogo. Klachi inaachiwa, na abiria hahisi kitu. Asipodokoa mafuta, injini inayozunguka polepole inayakaba magurudumu ghafla: gari linashtuka, na kama linasukumwa na magurudumu ya nyuma huku lami imelowa, mkia unaweza kumponyoka. Macho yako barabarani muda wote. Ni sikio linalomwambia injini imefika wapi, na ni unyayo unaojua klachi inashika wapi. Hakuna anayezaliwa na ujuzi huo.

Sisemi kila gari liwe hivyo. Kwenye foleni ya Dar es Salaam au Nairobi, klachi ni adhabu ya goti, na mwenye otomatiki hana haja ya kuomba radhi. Ila gari la michezo halinunuliwi kwa ajili ya kufika. Hata daladala inafika. Linanunuliwa kwa raha ya kuliendesha. Ni kama Lamu: boti za mashine zipo tele, lakini siku ya mashindano majahazi hutoka kwa tanga, wala hakuna anayemshauri nahodha afunge mashine ili awahi.

Viwanda vingine vimelijua hilo kwa kuchelewa. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3 isiyo na klachi ya mguu. Mwaka 2016 ikatengeneza 911 R yenye gia sita za mkono, magari 991 tu. Wanunuzi wakayagombania, na yaliyouzwa tena yakapanda bei mno. Mwaka uliofuata GT3 ikarudishiwa gia za mkono. Toyota nayo ilileta Supra mpya mwaka 2019 ikiwa otomatiki pekee, na mwaka 2022 ikaiongezea klachi. Ferrari na Lamborghini, kwa upande wao, zilikwisha kuachana na gia za mkono zamani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuijali habari hii. Datsun 240Z, gari la michezo hasa, ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, mara hiyo ya pili ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta wa Kenya, akipangua gia kwenye vumbi na matope. Na magari ya daraja la juu yanayokuja Naivasha kwa mbio hizo tangu 2022 yana leva ya kuvutwa kwa mkono, baada ya kanuni kuviondoa vibao vya nyuma ya usukani ili kupunguza gharama.

Sasa umeme unakuja, na mota yake haihitaji gia nyingi. Hata hivyo Hyundai iliipa Ioniq 5 N ya mwaka 2023 gia za kuigiza: kompyuta inaleta mshtuko mdogo na mlio, kana kwamba kuna kitu kimebadilishwa. Kiwanda kinachogharamia maigizo kinajua fika wateja wake wamekosa nini.

Kwa hiyo watengenezaji waiache pedali ya tatu, ile ya klachi, iwe hiari ya mnunuzi, hata kama ataongeza fedha kidogo. Nawe msomaji, ukipata gari la gia za mkono na mtu mwenye subira ya kukufundisha, jifunze. Kiwanda hakitatengeneza gia ambazo hakuna tena anayejua kuziingiza.